Potenshomita na kapasita za gitaa la umeme

Potenshomita na kapasita za gitaa la umeme ni vipuri viwili vya elektroniki vilivyofungwa ndani ya gitaa, nyuma ya vifundo vinavyozungushwa ili kurekebisha ukubwa wa sauti (voliumu) na ukali wake (toni). Vipuri hivi ni vidogo na vya bei nafuu, lakini vina uwezo mkubwa wa kubadilisha sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye amplifaya.

Gitaa lenye sauti kali kupita kiasi, yaani sauti nyembamba inayochoma masikio, mara nyingi linaweza kutulizwa kwa kubadilisha vipuri hivi bila kununua pikapu mpya wala gitaa jipya. Kila kipuri kina kazi yake. Thamani ya potenshomita huamua gitaa litakuwa kali kiasi gani vifundo vyote vikiwa vimefunguliwa hadi mwisho. Thamani ya kapasita huamua sauti itakuwa nzito kiasi gani kifundo cha toni kikifungwa. Kuchanganya kazi hizi mbili ndilo kosa la kawaida, kwa kuwa wapigaji wengi hubadilisha kapasita wakitarajia matokeo yanayoletwa na potenshomita.

## Chanzo cha ukali

Pikapu ya gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Waya huo uliosukwa huitwa koili. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya koili na kupita kwenye potenshomita, kisha kwenye kebo, hadi kwenye amplifaya.

Koili ina sifa inayoitwa indaktansi, ambayo hupimwa kwa henri (H). Pikapu ya koili moja kama ile ya Fender Stratocaster huwa na takriban henri 2 hadi 3. Pikapu ya koili mbili, inayojulikana pia kama hambaka, mara nyingi huwa na henri 4 au zaidi. Kebo nayo hufanya kazi kama kapasita ndogo: mita moja ya kebo ya gitaa huwa na takriban pikofaradi 100 (pF).

Indaktansi ya koili na kapasitansi ya kebo zikiungana hutengeneza kilele, yaani masafa fulani ambayo gitaa huyapa nguvu kuliko mengine. Juu ya kilele hicho sauti hushuka haraka. Kwa mfano, pikapu yenye henri 2.5 iliyounganishwa na kebo ya mita 3, pamoja na pF 100 za koili yenyewe, huwa na kilele karibu na hezi 5,000. Kebo ikiwa ya mita 6, kilele hushuka hadi karibu hezi 3,800. Ndiyo sababu gitaa lilelile husikika laini kidogo likiunganishwa kwa kebo ndefu.

Sikio la binadamu husikia kwa urahisi zaidi masafa ya kati ya hezi 2,000 na 5,000. Kilele kirefu kinachoangukia hapo ndicho kinachoitwa ukali.

## Potenshomita

### Kazi yake

Potenshomita ni ukinzani unaoweza kubadilishwa kwa kuzungusha mhimili. Ina miguu mitatu: miwili ya pembeni, ambayo kati yake ukinzani haubadiliki, na mmoja wa katikati unaosogea juu ya njia ya kaboni. Thamani yake hupimwa kwa kilo-omu (kΩ) au mega-omu (MΩ).

Hata ikiwa imefunguliwa hadi namba 10, potenshomita ya voliumu hubaki imeunganishwa kati ya pikapu na ardhi ya saketi. Sehemu ndogo ya umeme hupitia hapo, na kilele cha sauti hupungua urefu. Thamani ikiwa ndogo, umeme mwingi zaidi hupita na kilele hushuka. Thamani ikiwa kubwa, kilele hubaki kirefu na gitaa huwa kali.

Potenshomita ya toni nayo huongeza mzigo huo, kwa sababu kwa sauti za juu kapasita yake ni kama waya mtupu. Kwa hiyo thamani hizo mbili huhesabiwa pamoja:

* Voliumu 250 kΩ na toni 250 kΩ: mzigo wa 125 kΩ, sauti laini
* Voliumu 250 kΩ na toni 500 kΩ: mzigo wa takriban 167 kΩ
* Voliumu 500 kΩ na toni 500 kΩ: mzigo wa 250 kΩ, sauti angavu
* Voliumu 1 MΩ na toni 1 MΩ: mzigo wa 500 kΩ, sauti kali sana

### Thamani zilizozoeleka

Fender ilitumia potenshomita za 250 kΩ katika Telecaster na Stratocaster za miaka ya 1950, kwa sababu pikapu za koili moja zina sauti angavu kiasili. Mwaka 1958 kampuni hiyo ilitoa Jazzmaster yenye potenshomita za 1 MΩ. Gibson ilianza kufunga hambaka za Seth Lover kwenye magitaa yake mwaka 1957, na thamani iliyozoeleka kwa pikapu hizo ni 500 kΩ, kwa kuwa hambaka ni nzito zaidi na huhitaji kubakiziwa sauti za juu.

Kutokana na historia hiyo, kanuni ya jumla ni 250 kΩ kwa koili moja na 500 kΩ kwa hambaka. Tatizo huonekana hasa kwenye magitaa yenye mchanganyiko: hambaka karibu na daraja, na koili moja katikati na shingoni. Kiwanda kikifunga 500 kΩ kwa zote, hambaka husikika vizuri lakini koili moja huchoma.

### Herufi A na B

Kwenye mgongo wa potenshomita mara nyingi huandikwa herufi na namba, kama A500K au B250K. Kwenye vipuri vingi vya Asia vinavyouzwa leo, A humaanisha mwendo wa logariti na B mwendo wa mstari. Kwenye baadhi ya vipuri vya zamani vya Ulaya herufi hizi zilitumika kinyume, kwa hiyo ni vyema kupima. Kifundo kikiwa katikati ya mzunguko, potenshomita ya mstari husoma karibu nusu ya thamani yake kati ya mguu wa katikati na kila mguu wa pembeni. Ya logariti husoma sehemu ndogo upande mmoja na kubwa upande wa pili.

Aina ya A hupendelewa kwa voliumu na toni, kwa sababu mabadiliko husikika yakienda polepole na kwa usawa. Toni ya aina ya B hufanya kazi, lakini karibu mabadiliko yote husikika kati ya namba 2 na 0, na mpigaji huona kana kwamba kifundo hakifanyi kitu halafu ghafla sauti inazimika.

### Tofauti ya thamani halisi

Potenshomita za kawaida hutengenezwa kwa uvumilivu wa asilimia 20 juu au chini. Iliyoandikwa 250K inaweza kusoma popote kati ya 200 na 300 kΩ bila kuwa mbovu. Ndiyo maana magitaa mawili ya aina moja yanaweza kutofautiana kwa ukali. Anayetaka kutuliza gitaa na ana potenshomita kadhaa za kuchagua hupima zote na kufunga yenye thamani ya chini.

## Kapasita

### Kazi yake

Kapasita hupitisha sauti za juu kwa urahisi na kuzuia za chini. Katika saketi ya toni hufungwa pamoja na potenshomita kati ya njia ya sauti na ardhi. Kifundo kikifunguliwa, ukinzani wa potenshomita huzuia umeme usifike kwenye kapasita, kwa hiyo kuweka kapasita ya nanofaradi 22 au 47 hakuleti tofauti inayosikika. Kifundo kikifungwa, ukinzani hutoweka na kapasita huungana moja kwa moja na pikapu. Hapo ndipo thamani yake hutawala.

Jedwali lifuatalo linaonyesha mahali kilele kinaposhukia kifundo cha toni kikifungwa kabisa, kwa pikapu ya henri 2.5 na kebo ya mita 3.

| Namba kwenye kapasita | Thamani | Kilele (takriban) | Sauti |
|---|---|---|---|
| 472 | 4.7 nF | Hz 1,400 | Imelainika, bado inaeleweka |
| 103 | 10 nF | Hz 1,000 | Laini, mnene katikati |
| 223 | 22 nF | Hz 670 | Nzito |
| 473 | 47 nF | Hz 460 | Nzito sana |
| 104 | 100 nF | Hz 320 | Imefifia kama iliyofunikwa blanketi |

Kwa kulinganisha, uzi mwembamba zaidi wa gitaa ukipigwa bila kubanwa hutoa noti ya takriban hezi 330, na ukibanwa kwenye freti ya 12 hutoa hezi 659. Kapasita ya nF 47 ikifungwa kabisa hukata hata noti zenyewe za juu ya shingo, achilia mbali ukali wake. Stratocaster za kwanza za mwaka 1954 zilikuwa na nF 100, na baadaye Fender ikapunguza thamani hiyo. Kwa mpigaji anayetaka kutuliza bila kuzima, kapasita ya nF 4.7 hadi 22 humpa kifundo kinachotumika mzunguko wake wote.

### Kusoma namba

Namba tatu zilizoandikwa kwenye kapasita husomwa kwa pikofaradi: mbili za kwanza ni thamani na ya tatu ni idadi ya sifuri. Hivyo 223 ni 22 ikifuatwa na sifuri tatu, yaani pF 22,000, ambazo ni nF 22 au mikrofaradi 0.022. Herufi inayofuata huonyesha uvumilivu: J ni asilimia 5, K ni asilimia 10, na M ni asilimia 20. Alama ya 2A mwanzoni, kama katika 2A223J, humaanisha kapasita inahimili volti 100.

### Aina za kapasita

Umeme unaotoka kwenye pikapu kwa kawaida hauzidi volti moja, kwa hiyo kapasita ya volti 50 inatosha kabisa. Zile za filamu ya poliesta hupendwa kwa sababu thamani yake haibadiliki sana na joto. Za seramiki pia hufanya kazi, ingawa baadhi hutofautiana zaidi na thamani iliyoandikwa. Kapasita mbili za thamani moja iliyopimwa hutoa sauti inayokaribiana sana ndani ya gitaa, hata kama moja inauzwa kwa bei mara nyingi ya nyingine. Kapasita za elektroliti, zenye alama ya chanya na hasi, hazifai kwa kazi hii.

## Sauti kali katika muziki wa Afrika Mashariki

Ukali wa gitaa si kasoro kila mahali. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, magitaa kadhaa hupigwa kwa pamoja, kila moja likiwa na nafasi yake: la solo, la pili la solo, la rithimu na la besi. Bendi kama Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) alipiga solo, NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na DDC Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978 zilijenga muziki wao juu ya mazungumzo ya magitaa hayo.

Benga, iliyostawi upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, ina solo ya juu na ya haraka inayofuata mtindo wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Mmoja wa wapigaji wake maarufu, D. O. Misiani (1940–2006) wa Shirati Jazz, alizaliwa upande wa Tanzania, eneo la Shirati mkoani Mara. Katika Kongo, Franco Luambo (1938–1989) na Nico Kasanda (1939–1985) waliendeleza sebene, sehemu ya wimbo ambayo magitaa hutawala na wachezaji hujaa uwanjani.

Katika mitindo hii gitaa la solo huhitaji makali ili lipenye juu ya ngoma, besi na sauti za waimbaji. Gitaa la rithimu likiwa na makali yaleyale hugongana na solo, na msikilizaji hushindwa kuyatofautisha. Kwa sababu hiyo marekebisho bora ni yale yanayoweza kurudishwa kwa kifundo. Gitaa lililotulizwa kabisa kwa vipuri vya thamani ndogo mno haliwezi tena kupiga solo ya benga, hata likifunguliwa hadi mwisho.

## Kuchagua vipuri

### Kabla ya kufungua gitaa

Sababu nyingi za ukali ziko nje ya potenshomita na kapasita. Mambo yafuatayo hukaguliwa kwanza, kwa kuwa hayagharimu chochote:

* Kushusha kifundo cha toni hadi 6 au 7 na kupunguza trebo kwenye amplifaya.
* Kushusha pikapu upande wa nyuzi nyembamba kwa milimita moja au mbili.
* Kujaribu kebo ndefu zaidi.
* Kukagua spika. Spika ya amplifaya ya gitaa hupunguza yenyewe sauti zilizo juu ya takriban hezi 5,000. Spika za ukumbini na za honi huzipitisha, hivyo gitaa lilelile husikika kali zaidi humo, hasa likipitia kifaa cha kuongeza mlio wa kukwaruza.

Kwa upande mwingine, gitaa likichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la mixa lenye ukinzani wa kilo-omu 10 au 20, sauti hufifia na kupoteza nguvu. Gitaa lililojaribiwa kwa njia hiyo haliwezi kutoa picha sahihi ya vipuri vyake.

### Kutambua kilichopo

Fundi husoma kwanza maandishi kwenye mgongo wa potenshomita. Yakiwa yamefutika, hupima kwa multimita kati ya miguu miwili ya pembeni baada ya kutoa waya wa pikapu. Bila kuutoa, mita husoma ukinzani wa koili na si wa potenshomita. Kipimo cha kilo-omu 6 au 7 kwenye potenshomita ya voliumu, kwa mfano, kwa kawaida ni pikapu inayosomeka.

Jambo jingine la kukagua ni kapasita ndogo iliyofungwa kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa katikati wa voliumu, mara nyingi yenye namba 102 au 681. Kazi yake ni kubakiza sauti za juu voliumu inaposhushwa. Gitaa ambalo huwa kali zaidi kila voliumu inapopunguzwa linaweza kutulizwa kwa kuitoa tu.

### Hali za kawaida

Koili moja na potenshomita za 500 kΩ au 1 MΩ. Hapa dawa ni potenshomita. Kuweka 250 kΩ kwa voliumu na toni hushusha kilele bila kugusa sauti za chini.

Hambaka yenye 500 kΩ ambayo bado ni kali. Voliumu hubadilishwa kuwa 250 kΩ au 300 kΩ, na toni huachwa 500 kΩ. Kubadilisha zote mbili kwa mara moja huweza kuifanya hambaka iwe butu.

Koili moja ambayo tayari ina 250 kΩ. Kushusha thamani zaidi huondoa uhai wa sauti. Badala yake huongezwa kapasita ndogo ya pF 470 kutoka njia ya sauti kwenda ardhini. Kwa mfano uliotangulia wa kebo ya mita 3, kilele hutoka karibu hezi 5,000 na kushuka hadi karibu hezi 3,400. Athari yake ni kama ya kuongeza takriban mita 5 za kebo.

Pikapu ya daraja ya Stratocaster. Katika mpangilio wa asili, pikapu hii haiungani na kifundo chochote cha toni. Kipande kifupi cha waya kwenye swichi huiunganisha na toni ya pili, na ukali wake hupata kidhibiti.

Sauti ni nzuri ikifunguliwa lakini hufifia toni ikishushwa. Hapa tu ndipo kapasita inapohitaji kubadilishwa, kwa mfano kutoka nF 47 kwenda nF 10.

Magitaa yenye pikapu zinazotumia betri hayafuati kanuni hizi. Mengi hutumia potenshomita za 25 kΩ, na kuweka 250 kΩ huharibu mwendo wa vifundo.

## Rezista badala ya potenshomita mpya

Potenshomita ya 500 kΩ inaweza kufanywa iwe kama ya 250 kΩ kwa kulehemu rezista ya 470 kΩ kati ya miguu yake miwili ya pembeni. Thamani ya pamoja huwa takriban 242 kΩ. Rezista ya 470 kΩ yenye uvumilivu wa asilimia 5 hutambulika kwa mistari ya njano, zambarau, njano na dhahabu.

Njia hii ina faida tatu. Ni rahisi, haihitaji kutoboa wala kupanua tundu la gitaa, na inaweza kuondolewa bila kuacha alama. Kwenye gitaa lenye hambaka moja na koili moja mbili, rezista inaweza kufungwa kwenye waya wa pikapu za koili moja peke yake kabla ya swichi, na hambaka ikabaki na 500 kΩ zake.

Vipuri visivyopatikana huweza kuundwa kwa kuunganisha vilivyopo. Rezista mbili za 220 kΩ zikifuatana hutoa 440 kΩ. Kapasita mbili za nF 10 zikiwekwa sambamba hutoa nF 20, na mbili za nF 47 zikifuatana hutoa nF 23.5, ambayo kwa sikio ni sawa na nF 22.

## Upatikanaji wa vipuri vijijini

Maduka ya vipuri vya gitaa yako katika miji mikubwa, ilhali magitaa ya umeme yameenea hadi vijijini, hasa kupitia kwaya za makanisa na bendi ndogo. Kwa mpigaji aliye katika kata kama Kinyangiri, katika Wilaya ya Mkalama iliyotengwa na Iramba mwaka 2012 mkoani Singida, mtu wa kwanza wa kumwendea kwa kawaida ni fundi redio. Sehemu ya anachohitaji inaweza kupatikana kwenye redio, televisheni na amplifaya zilizokufa.

Kapasita za poliesta za 103, 223 na 473 ni za kawaida kwenye mabaki hayo, pamoja na rezista za kila thamani. Potenshomita ni jambo tofauti. Zile za redio za transista mara nyingi ni za 10, 50 au 100 kΩ, na zikifungwa kwenye gitaa huzima sauti za juu na kupunguza nguvu. Redio za zamani za valvu ndizo zilizokuwa na potenshomita za 500 kΩ au 1 MΩ. Kwa hiyo mahali ambapo potenshomita ya gitaa haipatikani, rezista iliyotolewa kwenye redio mbovu ni chaguo bora kuliko potenshomita ya redio hiyohiyo.

Anayeagiza potenshomita kutoka mjini huhitaji kujua mambo manne: thamani, herufi ya mwendo, upana wa shingo na aina ya mhimili. Magitaa mengi ya Asia yana tundu la takriban milimita 7, ilhali potenshomita kubwa za mtindo wa Marekani zina shingo ya karibu milimita 9.5. Mhimili wenye meno hupokea vifundo vya kusukumiza, na mhimili mzima hupokea vifundo vya skrubu.

Mkoa wa Singida uko katika ukanda wa nusu ukame, wenye msimu mmoja wa mvua kati ya Novemba na Aprili hivi na kiangazi kirefu chenye vumbi. Vumbi likiingia kwenye njia ya kaboni, potenshomita hukwaruza inapozungushwa. Kukwaruza huko hakumaanishi kuwa thamani yake ni mbaya. Dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme ikipulizwa ndani na kifundo kikazungushwa mara kadhaa, mara nyingi hupona. Mafuta ya kupikia au ya cherehani hayafai, kwa sababu hunasa vumbi zaidi.

## Kufunga na usalama

Mchoro wa nyaya zilivyo, au picha ya simu, huandaliwa kabla ya kutoa waya wowote. Badiliko moja hufanywa kwa wakati na kusikilizwa kabla ya jingine, kwa sauti ileile ambayo gitaa hutumika nayo kwa kawaida. Kipuri cha majaribio huweza kushikizwa kwa vibanio vya waya kabla ya kulehemiwa. Kulehemu kwenye mgongo wa potenshomita kusichukue zaidi ya sekunde chache, kwani joto huharibu njia ya kaboni.

Ndani ya gitaa lisilotumia betri hamna umeme wa kudhuru. Hata hivyo, kuna waya unaounganisha daraja la nyuzi na ardhi ya saketi, na kupitia kebo nyuzi huungana na bodi ya amplifaya. Amplifaya isiyo na waya wa ardhi, au yenye hitilafu ndani, inaweza kupeleka umeme wa ukutani au wa jenereta hadi mikononi mwa mpigaji, hasa anapogusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja. Mpigaji anayehisi mtekenyo wa umeme kwenye nyuzi anapaswa kuacha kupiga na kuzima amplifaya hadi ikaguliwe na fundi umeme. Kukata waya wa daraja si suluhisho: hatari hubaki kwenye amplifaya na kwenye sehemu nyingine za chuma za gitaa, na gitaa huanza kuvuma. Kebo huchomolewa kwenye amplifaya kila mara kabla ya kifuniko cha gitaa kufunguliwa.